Mlingoti wa Jino

Katika Ofisi ya Ramani kila mtu alikuwa na jina la utani, na la kwake lilikuwa Bi Nukta. Alilipata ujanani, siku alipoikataa ripoti nzima ya bonde kwa sababu nukta moja ya desimali ilikuwa imekaa pasipo pake. Mkuu wa enzi hizo alifoka, akasema nukta haijawahi kuua mtu. Bi Nukta akamjibu, "Basi tuihamishe kwenye mshahara wako, mzee, tuone kama hutakufa." Ofisi ilicheka wiki nzima, na jina likaganda.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, amebakiza wiki sita astaafu, na kazi yake ya mwisho ilikuwa nyepesi, au ndivyo walivyodhani waliompa. Ofisi ilitaka kuchapisha upya orodha ya vilele kumi virefu vya kaskazini, ile inayobandikwa kwenye kuta za madarasa. Mpima ardhi, binti mmoja mchapakazi ambaye buti zake hazikauki tope, alikuwa ameizunguka milima yote kwa miezi minne, na mashine mpya inayoongea na setilaiti. Amerudi na namba. Bi Nukta alitakiwa aziweke kando ya namba za zamani, alinganishe, atie sahihi, basi.

Akaziweka. Kilele cha tatu, tofauti sentimita saba. Cha nne, sentimita kumi na moja. Cha tano, hakuna. Mambo ya kawaida hayo, kila chombo na tabia yake. Nundu, kilele cha pili, tofauti sentimita kumi. Kisha akafika kwa Jino, namba moja wa kaskazini, kilele ambacho kila mtoto wa shule angekitaja hata ukimwamsha usingizini. Orodha ya zamani ilisema mita 3,916. Mashine ya binti ilisema 3,911 na kidogo.

"Binti," aliita. "Hapa kwa Jino umekosea."

Mpima alikuja akainama juu ya meza. "Nimepima mara tatu, Mama. Hata mimi nilishtuka, nikapanda tena kesho yake. Jibu ni hilo hilo. Namba moja ni Nundu, tena inalizidi Jino karibu mita tatu."

"Kwa hiyo mlima umesinyaa?"

"Haujasinyaa, Mama. Labda wazee wa zamani siku hiyo walikuwa wamechoka." Akacheka, mtoto wa watu, bila ubaya wowote.

Bi Nukta hakucheka. Alikuwa mmoja wa hao wazee. Alichukua funguo, akashuka stoo ya majalada, akapiga chafya mara nne kwa vumbi, akalitoa jalada la kaskazini na kulifungua pale pale juu ya ngazi ya chuma.

Wapima wa zamani hawakuwa na setilaiti. Walikuwa na darubini, miguu na ujeuri. Mmoja alipanda kileleni akasimamisha mlingoti wenye kitambaa chekundu ili uonekane kwa mbali, wenzake wakaulenga kwa darubini kutoka mabondeni na kuandika vipimo kwenye daftari. Daftari likaletwa ofisini. Huko wakokotoaji, yaani wanawake wenye penseli na vitabu vya majedwali, wakapiga hesabu siku nzima mpaka wapate urefu wa ncha ya mlingoti. Ikabaki hatua ya mwisho, rahisi kuliko zote: toa urefu wa mlingoti wenyewe, ubaki na mwamba. Mlingoti wa Jino ulikuwa na mita mbili nukta nne.

Kwenye karatasi aliyoishika, mlingoti haukutolewa. Ulikuwa umejumlishwa.

Sasa hapo mtu atasema, kosa ni kosa, binadamu ni binadamu. La! Ofisi ile ilikuwa na sheria moja isiyochezewa, na waliiita mikono miwili. Kila hesabu ya kilele ilipigwa na watu wawili, katika vyumba viwili, milango imefungwa, hakuna kuongea wala kuchunguliana. Mkono wa kwanza unaandika wake, mkono wa pili unaandika wake, jioni mkuu anaziweka karatasi pamoja. Zikilingana, sahihi. Zisipolingana, mnarudia wote. Mtu mmoja anaweza kusahau kutoa mlingoti, lakini si wawili, tena siku moja, kwenye kilele kimoja.

Karatasi ya pili ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe. Mlingoti umejumlishwa. Tena si hilo tu. Kwenye mstari wa kumi na nne mkono wa kwanza ulikuwa umekosea tarakimu, ukaikwaruza, ukaandika nyingine juu yake. Na kwenye karatasi ya Bi Nukta, mstari wa kumi na nne, palikuwa na mkwaruzo ule ule mahali pale pale. Alikuwa amenakili mpaka mkwaruzo.

Alikuwa ameisahau siku ile. Mungu amsamehe, alikuwa ameisahau kabisa, kama mtu anavyosahau alikula nini. Sasa ilimrudia yote. Miaka thelathini na moja iliyopita, mtoto wake wa pekee ana miaka miwili, amemwacha kwa jirani anachemka homa. Mkono wa kwanza siku hiyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye aliyempatia kazi. Walikutana uani wakati wa chai. Wifi akamwona machozi yanamlengalenga, akachomoa karatasi yake kutoka kifuani, akamsukumia. "Nakili, uondoke," alimwambia. "Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Na mimi tangu lini nimekosea?" Saa nane mchana Bi Nukta alikuwa nyumbani, mtoto kifuani, kitambaa cha maji baridi mkononi.

Mtoto alipona. Ndiyo hadithi yenyewe, alipona.

Orodha ilipochapishwa, sahihi ya Bi Nukta ilikuwa chini kabisa pembeni, ndogo, lakini ya kusomeka. Mumewe, fundi cherehani, aliibandika kwenye ukuta wa duka lake, juu ya meza ya kukatia. Fundi huyo hakuwa mtu wa majivuno, ila kwa jambo hilo moja alikuwa hashikiki. Mteja akija kupimwa kiuno, atageuzwa kwanza aisome orodha. "Hiyo namba moja unaiona? Kaipata mke wangu. Kwa penseli!" Mtoto alikua chini ya karatasi hiyo. Alijifunza kusoma kwa majina ya vilele. Alipomuuliza mama yake ni kweli Jino ndilo refu kuliko yote, mama alimjibu bila kupepesa macho, "Nimelipigia hesabu mwenyewe."

Kila mtu wa huko anajua tofauti ya milima hiyo miwili. Nundu ni mlima wa kutembea. Njia ni pana, inazunguka taratibu mpaka juu, na shule huwapeleka watoto na chupa zao za maji. Jino ni mwamba uliosimama wima, na asiye na kamba na akili timamu hana haja ya kulisogelea. Kijana wao, fundi umeme, umri miaka ishirini na minne, hakutaka mlima mgumu. Alitaka wa kwanza. Alisema wazi kwa kila aliyemuuliza, siku moja asimame juu kuliko kila kitu cha kaskazini, kisha arudi aendelee na nyaya zake. Basi akaenda Jino na rafiki yake mmoja. Alifika juu. Wakati wa kushuka, kamba ilikatika kwenye ukingo wa jiwe. Rafiki ndiye aliyerudi.

Miaka tisa sasa. Bi Nukta alilia mpaka akakauka, halafu akarudi kazini, akajikaza kisabuni, akaendelea na namba. Fundi, mumewe, hakuwa na namba za kumsaidia. Alikuwa na sentensi moja tu, na alikuwa anaishi ndani yake kama mtu anavyoishi chumba kimoja: mwanangu alifika juu ya wote. Aliwaambia wateja. Alimwambia fundi wa jiwe la kaburi, akaliandika. Asubuhi nyingine, kabla ya kukanyaga cherehani, aliigusa ile orodha ukutani, pale kwenye namba moja, mpaka karatasi ikawa na weusi wa kidole.

Na sasa mkewe yuko stoo, ana ile sentensi mkononi, anaweza kuivunja kwa sahihi moja.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, alikwenda kwa wifi yake. Wifi alikuwa amestaafu kitambo, anaishi peke yake kwenye vyumba viwili vilivyong'aa kwa usafi, na alikuwa anapiga pasi mashuka. Bi Nukta hakusalimia. Aliziweka zile karatasi mbili juu ya meza ya pasi.

"Soma mstari wa mwisho."

Wifi hakuvaa hata miwani. "Sina haja ya kusoma."

"Umejumlisha mlingoti."

"Najua, wifi."

Bi Nukta alikuwa amekuja na ghadhabu ya aina moja. Ikabidi atafute nyingine. "Umejua tangu lini?"

"Jalada lilirudi mezani kwangu walipokuwa wanachora ramani ya barabara. Nikaona. Mtoto alikuwa darasa la tatu."

Bi Nukta alipiga hesabu, maana hakuwa na namna nyingine ya kukasirika. Darasa la tatu ni miaka tisa. Mpaka ishirini na minne ni miaka kumi na mitano. Miaka kumi na mitano mwanamke huyu alikuwa anakuja nyumbani kwake kila Jumapili, anakaa kwenye kiti kile kile, anamsikia kaka yake akijisifu, anakunywa chai.

"Ukanyamaza."

"Ulitaka niseme nini? Mimi nimekosea, wewe umenakili. Siku hiyo hiyo unga wetu sote ungemwagika. Kaka mguu ulikuwa umevunjika, yuko kitandani, cherehani imefunikwa. Nani angelisha nyumba? Nikasema, ni mita tano za mawe tu. Nani atalala njaa kwa mita tano za mawe?"

"Na mtoto alipokuja kukuaga? Alikwambia anakwenda wapi?"

"Aliniambia."

"Ukamwambiaje?"

Wifi aliisimamisha pasi. "Nilimpa soksi. Za sufu. Nilimwambia huko juu kuna baridi."

Bi Nukta alifungua mdomo amtukane. Alikuwa na matusi ya kutosha, ya miaka thelathini, mengine ya kifamilia kabisa. Lakini kila tusi alilolishika aliliona linamfaa yeye pia. Muongo? Wote waongo. Mzembe? Wifi angalau alipiga hesabu, akakosea kwa jasho lake. Yeye hata hakuisoma. Alibaki anahema, akimchukia yule mwanamke na kujichukia mwenyewe kwa kiasi kile kile, na shuka likaanza kunuka kuungua.

"Usimwambie kaka," wifi alisema, akiinyanyua pasi. "Nakuomba, wifi. Mwache na mlima wake. Amebaki na nini kingine?"

Alirudi ofisini kwa miguu. Njia ya mkato inapita mbele ya duka la mumewe, lakini yeye alizunguka.

Mkurugenzi alikuwa kijana mwenye adabu nyingi na mashati yaliyonyooka. Alimsikiliza Bi Nukta huku anazungusha kalamu. Alipofika kwenye kunakili, kijana alinyanyua kiganja.

"Mama, hapo sijasikia."

"Nimesema nili..."

"Sijasikia, Mama, na wewe hujasema. Umebakiza wiki tano na siku ngapi? Mimi nitakukatia keki, watu watalia, utakwenda nyumbani na heshima yako. Tusikuze mambo." Akaisogeza karatasi ya orodha mpya. Upande wa kulia palikuwa na safu yenye kichwa Sababu ya Mabadiliko, na mbele ya Nundu na Jino alikuwa ameshaandika: vipimo vya kisasa. "Uongo uko wapi hapo? Vipimo si vya kisasa?"

Bi Nukta aliyatazama maneno hayo mawili matatu. Angeweza kuikataa ile karatasi, yeye aliyewahi kuikataa ripoti ya bonde kwa nukta moja. Alijiambia anatia sahihi kwa ajili ya mumewe, ili siku atakaposikia, asikie kwamba ni mashine tu, ni mambo ya zama, hakuna mtu mwenye kosa. Lakini tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe alishaujua alipokuwa anaifunga kalamu: alitia sahihi kwa woga.

Alikusudia kumwambia fundi mapema, taratibu, kabla hajasikia kwingine. Jumatatu akasema leo amechoka. Jumanne fundi alikuwa na suti ya harusi, hakushikika. Jumatano walikula vizuri, wakacheka kidogo, na akaona haya kuiharibu siku. Alhamisi redio ikamwambia.

Redio ya dukani haikuwahi kuzimwa. Saa tatu asubuhi msomaji wa habari, kwa sauti ile ya kutangaza kila kitu sawasawa, alisema kwamba kilele kirefu kuliko vyote vya kaskazini ni Nundu, na kwamba Jino, lililodhaniwa kuwa la kwanza kwa muda mrefu, sasa ni la pili. Kisha akaendelea na mpira.

Saa nne fundi alikuwa ofisini. Alikuja na koti lake jeusi, lile alilolishona mwenyewe na kulivaa mara chache sana, na kwapani ana ile orodha ya zamani, imebanduliwa ukutani kwa nguvu mpaka chokaa imeng'ang'ania kwenye pembe zake. Alikuwa anachechemea zaidi ya kawaida kwa sababu alikuwa amepanda ngazi haraka. Chumba cha hesabu kilikuwa na watu saba, na wote waliacha walichokuwa wanafanya.

"Mkubwa wa hapa ni nani?"

Mkurugenzi alitoka, tabasamu tayari. "Mzee, shikamoo. Karibu kiti."

"Marahaba. Sikuja kukaa. Nimesikia mmemshusha mwanangu."

"Hapana, Mzee, hakuna aliye..."

"Mmemshusha! Alikuwa wa kwanza, mmemfanya wa pili. Kwa mashine!" Aliikunjua orodha juu ya meza ya mkewe bila kumtazama, akaigonga kwa kidole pale pembeni chini. "Sahihi hii ni ya nani? Ya huyu hapa. Mnamjua huyu? Mnakaa naye hamumjui. Mimi nikikata suruali ananiambia nimezidisha nusu inchi, na hajanyanyuka alipokaa. Hakosei! Nimelala naye miaka thelathini na tano, sijamwona anakosea. Mashine yenu imekosea. Leteni karatasi zake za zamani. Zilete hapa, kila mtu azione, ndiyo mje mniambie habari za Nundu."

Hakuna aliyecheka. Binti mpima, ambaye kwa siku zile chache alikuwa ameshahisi kuna jambo, alisogea mbele. "Mzee wangu, Mama hakukosea," alisema kwa upole. "Ni vipimo tu siku hizi ni vya kisasa. Wakati ule hakuna ambaye angepata zaidi ya pale."

"Mmesikia?" Fundi aligeuka kuwatazama wote, mmoja mmoja, uso umenawiri. "Hakukosea. Huyu mwenye mashine mwenyewe anasema."

"Kabisa, Mzee," mkurugenzi alidakia. "Tena tutaandika barua ya kumshukuru Mama."

Ilikuwa imekwisha hapo. Mlango ulikuwa wazi, kila mtu ameuwekea mguu ili usifungwe, na fundi angetoka na kitu mkononi, si kile alichokuja nacho, lakini kitu. Angebandika orodha yake tena. Angewaambia wateja kwamba kwa vipimo vya zamani, vya watu, siyo vya mashine, mwanawe alifika juu ya wote. Bi Nukta alikuwa anaomba moyoni atoke.

Lakini fundi alimgeukia mkewe kwa mara ya kwanza tangu aingie, na macho yake yalikuwa yamejaa fahari, fahari ile ile ya miaka yote. "Mama, hebu waambie," alisema. "Waambie ulivyoipiga. Wasije wakadhani ulibahatisha."

Yeye angeweza kuvumilia kutukanwa. Angeweza kuvumilia hata keki. Hilo la kusifiwa lilimshinda.

"Sikuipiga," alisema.

"Hukuipiga nini?"

"Hesabu ya Jino. Sikuipiga." Alisimama, kwa sababu hakuona haki ya kulisema jambo hilo amekaa. "Mtoto alikuwa na homa, nikataka kuwahi nyumbani. Dada yako akanipa karatasi yake, nikanakili. Yeye alikuwa amejumlisha mlingoti badala ya kuutoa. Nami sikusoma. Nilinakili tu, nikatia sahihi, nikaja nyumbani. Mashine haijakosea, baba. Jino halijawahi kuwa la kwanza. Hata siku moja."

Mkurugenzi alisema, "Mama, tafadhali," lakini aliisemea sakafu.

Fundi alikuwa mtu wa kufikiri polepole. Mkewe alimwona anavyokwenda, hatua kwa hatua, na hakuwa na jinsi ya kumzuia. Aliitazama orodha. Aliweka kidole kwenye namba moja, pale penye weusi, kisha akakishusha mstari mmoja.

"Nundu," alisema. "Ni ile wanayopelekwa watoto wa shule?"

"Ndiyo."

"Na chupa za maji?"

"Ndiyo, baba. Ndiyo hiyo."

Alitikisa kichwa kukubali, kama anavyokubali mteja anapomtajia kipimo. Kisha akauvuta mguu wake mbovu, akauegemeza kwenye meza.

"Aliniomba twende wote," alisema.

Bi Nukta hakuelewa. "Nani?"

"Alikuja dukani, wiki moja kabla. Sikukwambia, niliona haya. Akasema, Baba, nataka kusimama juu ya kaskazini yote, na sitaki kusimama peke yangu. Twende mimi na wewe, tukapige picha. Nikatazama hapo ukutani." Akaigusa karatasi. "Nikamwambia, mwanangu, kwa mguu huu Jino siliwezi. Tafuta mwenzio."

Akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomkata mkewe maini. "Nundu ningekwenda. Hata kwa fimbo. Tungekwenda pole pole, tukala mkate huko juu, tukapiga hiyo picha, tukarudi. Angekuwa na miaka thelathini na mitatu."

Bi Nukta alinyoosha mkono amshike. Fundi aliuondoa wake, bila ukali, kama anavyoondoa kitambaa kisije kikashikwa na sindano. Aliiacha ile orodha mezani. Akaelekea mlangoni, na watu wakampisha, na yeye Bi Nukta akamfuata mpaka kwenye ngazi.

"Ngoja tufuatane," alimwambia. "Ngoja nichukue mkoba."

"Baki," fundi alisema, hakugeuka. "Malizia hesabu zako."

Akashuka ameshika ukuta, mguu mmoja kwanza, kisha mwingine. Bi Nukta alisimama juu ya ngazi akimsikiliza mpaka akafika chini, na hata alipofika chini aliendelea kusimama, mpaka binti alipokuja kumshika mkono amrudishe ndani.